Kwa Zuhura, kuhusu ile Jumapili ya mvua

Zuhura mwanangu, marahaba. Voisi zako zote tatu nimezipata na najua umenuna kwa sababu Jumapili sikupiga, nisamehe mama, simu niliifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti maana mvua ilinyesha toka asubuhi na mi nlikuwa Central Park, ile bustani kubwa ya huku New York, natafuta ndege wa porini.

Yule bibi ninayemtunza, nilishakwambia, alikuwa anaenda pale kila mwezi wa tano miaka na miaka, saivi miguu imegoma, basi akanipa darubini yake akasema nenda wewe, ukirudi unihadithie. Nikamwambia bibi, na mvua hii? Akasema ndo siku yenyewe hiyo.

Na kweli bana. Kuna vindege wanaitwa wobla, wanatoka Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani wanapanda kaskazini mpaka Kanada kwenda kuzaa, na wanasafiri usiku, sasa wakikutana na mvua huko angani inabidi washuke, na New York ni saruji na vioo, kijani kikubwa wanachokiona ni ile bustani, karibu hekta 340 katikati ya maghorofa. Alafu kukiwa na mvua na baridi wadudu hawapandi juu, kwa hiyo na wao wanashuka kula. Siku ya jua unaumia shingo kuwatafuta vileleni, Jumapili walikuwa usawa wa kifua changu.

Nlisimama sehemu inaitwa Ramble, ni vinjia vya miti na mawe humo ndani, unasahau kabisa kama uko mjini. Viatu vimelowa, vidole vimekufa ganzi, maana mvua ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, sio kama masika ya Tanga mtu unalowa unacheka. Tulikuwa watu kama sita, kimya, anayeongea ananong'ona. Mzee mmoja akanigusa bega akanionyesha kwa kidevu tu.

Zuhura! Kwenye kichaka, hatua mbili kutoka nilipo, kadege kadogo kama wale chozi wa kwenye maua ya babu, koo rangi ya chungwa, lakini sio chungwa la kitambaa, ni kaa la moto ukilipulizia. Mgongo mweusi una mistari myeupe, kamelowa, manyoya yamesimama, kanachomoa kiwavi kwenye jani wala hakana habari na sisi. Anaitwa Blackburnian. Majira ya baridi anakaa milima ya Andes huko, Kolombia mpaka Peru, na uzito wake ni kama gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari, na kafika mwenyewe! Darubini hata sikuinua, niliogopa mkono ukitikisika ataruka. Nilitamani uwe pale mbele yangu nimekushika mabega.

Kitu kimoja kiliniuma. Asubuhi natoka stesheni nilikuta mwingine chini ya jengo la vioo, kafa, bado laini. Taa za usiku zinawapoteza njia, alafu kukicha wanaona miti kwenye kioo wanadhani ni miti ya kweli, wanajibamiza. Nikamfunika na majani. Mji una hela zote hizi, kuzima taa usiku kwa mwezi mmoja tu wanashindwa nini jamani?

Nilirudi nimelowa chapachapa, sijavua hata koti bibi anauliza, dume au jike? Maana jike koo lake ni njano njano. Nikamwambia dume bibi, koo la moto. Akafumba macho, akasema nirudie, nikarudia yote toka mwanzo, mpaka kile kiwavi.

Jumapili hii napiga saa tatu usiku yenu, usilale. Na kabla hatujaongea nenda na babu mkawaangalie wale mnana kwenye mnazi wa nyuma, uhesabu viota vyote, alafu uniambie anayejenga ni dume au jike, na usimuulize mtu, kaa chini utazame mwenyewe.