Alimantasyo ya bodi ya geme nyumbani: pima 5 volti pale kwenye bodi, usiamini etiketi

Siku hizi hapa Lubumbashi watu wengi wanajijengea mashine ya geme nyumbani, mwingine kwa ajili ya watoto, mwingine anaiweka barazani watoto wa jirani walipe kidogo, na maswali tunayopata pale atelye mengi si ya picha wala ya mikono ya kuchezea, ni ya umeme. "Yaya, bodi inawaka halafu inajizima, inawaka, inajizima." Ama mama anakuja anasema ukigusa ile chuma ya mbele inakupiga kidogo. Na mara nyingi mtu ameshanunua bodi ingine kwanza, ile kadi ya chipi yenye geme ndani, dola zimeshatoka, na ile mpya nayo inafanya vile vile, juu bodi haikuwa na shida tangu mwanzo. Shida ilikuwa kwenye alimantasyo, ile bloku inayochukua 220 ya ukutani na kutoa volti ndogo ndogo, ama kwenye waya zinazotoka pale.

Bodi nyingi za geme, za zamani na hizi za kichina zenye mamia ya geme ndani, zinafuata mpango unaoitwa JAMMA, uliotoka Japani mwaka 1985. Ni konekta ya ukingoni yenye pini 56, 28 juu na 28 chini. Umeme unaingia upande mmoja: pini za kwanza ni graundi, njia ya umeme kurudi, halafu 5 volti, halafu 5 volti hasi, halafu 12 volti. Ile 5 ndiyo inalisha akili yote ya bodi. 12 kazi yake ni sauti na taa na kihesabu cha sarafu. Ile hasi bodi nyingi za leo haziitaki kabisa, lakini za zamani ziko zinazoitaka kwa sauti, na zile za mwanzo wa miaka ya 1980 zenye memori aina ya 4116 ni hatari zaidi, ukiziwasha bila 5 hasi zinaungua zenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya alimantasyo, jua kwanza bodi yako inakula nini.

Sasa tuje kwenye 5 volti, hapa ndipo pesa ya watu inapotelea.

Chipi za TTL, aina iliyojaa kwenye bodi za zamani, zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Chini ya hapo bodi haifi, inachanganyikiwa tu: geme inajianza upya katikati ya mchezo, picha inakuja na vipande vipande, sauti inakoroma. Juu ya hapo chipi zinapata joto, na ukifika 7 hizo za zamani ndio mwisho wao. Basi mtu ananunua alimantasyo nzuri, anaweka multimetri, kile kipimo cha umeme, pale kwenye visi za bloku, anaona 5.00, anafurahi, anafunga. Kumbe bodi inapata kitu kingine. Chukua waya wa milimita mraba 0.75, mita moja kwenda na mita moja kurudi: shaba ya ukubwa ule iko na upinzani wa karibu 0.046 ohm, bodi ikivuta ampea 5 unapoteza 0.23 volti njiani, kwa hiyo kwenye bodi inafika 4.77 na hapo sijahesabu konekta yenye kutu wala zile pini zilizogeuka rangi ya kahawia juu ya joto. Waya wa 1.5 unapunguza hiyo hasara nusu. Ndiyo maana sisi tunaunganisha pini zote za 5 volti na zote za graundi, ziko nyingi kwa makusudi, mtu anayeunganisha pini moja tu ya kila aina ili kuokoa waya anaiunguza.

Kwa hiyo pima kwenye bodi yenyewe, geme ikiwa inacheza. Kwenye chipi ndogo ya miguu 14, nyingi ziko na 5 volti mguu wa 14 na graundi mguu wa 7, weka ncha za multimetri pale, polepole, mkono usiteleze ukagusisha miguu miwili. Alimantasyo za geme ziko na kitufe kidogo cha plastiki cha kuzungusha kwa turnevisi, wanaandika ADJ pembeni. Zungusha kidogo kidogo mpaka bodi isome 5.00 hivi. Lakini ukiona inabidi upandishe bloku mpaka 5.4 ndipo bodi ipate 5, acha, hapo waya ama konekta ndiyo mgonjwa, na siku utakapochomeka bodi nyepesi isiyokula sana, hizo volti zote zitaiangukia. Na kila ukibadilisha bodi, pima tena. Najua inachosha.

Swali lingine la kila siku: "Ile ya kompyuta haiwezi?" Inaweza, kwa bodi nyingi, na sokoni ziko nyingi za okazyo. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi inawaka. Mimi mwenyewe siipendi sana kwa kazi hii. Haina kile kitufe cha kuzungusha, na ruhusa yake ni asilimia 5 juu au chini, maana yake inaweza kukupa 4.75 ikawa bado haijavunja sheria, halafu waya zinakula zao, bodi inabaki na nini? Zaidi ya hapo nyingi za zamani zilitengenezwa zikitegemea mzigo wa kutosha, ukizipa bodi moja tu ya geme volti zinapanda na kushuka, 12 inaweza kwenda 13. Na ile 5 hasi, iliyokuwa kwenye waya mweupe, waliiondoa kwenye ATX, ule mpango wa alimantasyo za kompyuta, miaka mingi iliyopita. Kama ndiyo unayo tu, sawa, tumia, ila pima.

Kuko pia zile adapta nyeusi za kuchomeka kwenye prizi, zinazokuja na bodi ndogo za HDMI, zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye televizyo. Hizo hatari yake ni moja: ya 5 volti na ya 12 volti zinaweza kuwa na kichwa kile kile, kinaingia bila shida. Ile ya kamera ya nyumba ama ya ruta ikichomekwa kwenye bodi ya 5, bodi imekwisha, hakuna fundi wa kuirudisha. Andika kwa makapeni juu ya adapta, uibandike tepi, fanya unavyotaka, ila isichanganyike na zingine.

Ukienda kununua, mambo ninayoangalia mimi kwanza ni haya. Upande wa kuingia kuandikwe 100 mpaka 240, yaani inajipanga yenyewe, juu hapa jioni ukutani hauna 220 kila saa, na bloku ya aina hiyo inavumilia ikishuka. Zile zenye kijiti chekundu cha kuchagua 110 ama 220 zinapita mpakani Kasumbalesa nyingi tu, na ziko zinazofika zikiwa kwenye 110, ukichomeka bila kuangalia utasikia mlipuko. Ampea usihangaike nazo sana, bodi moja kwa kawaida inakula kati ya 2 na 5 kwenye 5 volti, bloku ya ampea 15 inatosha na inabaki. Ila ukishika bloku inayosema 15 na ni nyepesi kama boksi ya kiberiti, iache kwa mwenyewe.

Halafu ile "inanipiga kidogo". Watu wanacheka, wengine wanasema mashine imerogwa. Ni hivi: ndani ya alimantasyo kuko kondensa ndogo zinazosafisha kelele ya umeme, zinatoka kwenye waya mbili za ukutani kwenda kwenye chuma ya bloku. Chuma ile inatakiwa iungwe na tere, ule waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Nyumba nyingi prizi zake hazina tere, ama iko kwa sura tu nyuma hakuna kitu, basi chuma inabaki inaelea karibu nusu ya umeme wa ukutani. Nguvu yake ni ndogo, unasikia kama kuwashwa washwa tu. Lakini siku kitu kitakapoungua ndani na 220 kamili ikagusa chuma, hakuna njia ya kutokea isipokuwa mwili wa mtoto aliyeshika mashine peku kwenye sima. Na hata kabla ya hapo, ukichomeka HDMI kwenye televizyo mashine ikiwa inaelea vile, unaweza kuunguza mlango wa televizyo. Kwa hiyo kwanza tere, nondo ya shaba iliyopigwa ardhini na fundi umeme anayejua kuipima, si waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Kisha fyuzi ya ampea 2 kabla ya bloku. Kisha zile visi za 220 zilizo wazi zifunikwe, mlango wa nyuma uwe na kufuli, juu mtoto akipoteza sarafu ndani lazima ataingiza mkono.

Delestaje, ule mgao wa umeme, ikikata, toa prizi. Usiache mashine inangoja, juu umeme unaporudi dakika za kwanza unakuja na kishindo. Kipindi cha mvua, kuanzia Novemba, radi ikianza toa pia. Kiangazi kazi ni vumbi jekundu, linajaza feni ya bloku mpaka isimame, ipulize kwa hewa kabla haijafika hapo.

Kuhusu kuchomeka konekta ya JAMMA kinyume: pini ya 7 kuko kijiti cha kuzuia, lakini konekta nyingi za bei chini zinakuja bila hicho kijiti. Ukigeuza, 12 volti inaangukia kwenye njia ya kitufe cha pili cha wachezaji wote wawili. Chora alama nyekundu upande wa juu, ni sekunde tano.

Sisi atelye tunapima bure kama utaleta mashine mwenyewe, kubadilisha waya na kuweka tere ndiyo unalipa, na bei tunakuambia kabla ya kugusa kitu. Ukileta bodi peke yake hatutaona shida, leta na alimantasyo na waya zake zote jinsi zilivyo, hata kama zimefungwa fungwa na tepi, usizikate kwanza ili zipendeze.