Barua kwa Hamisi juu ya vidonge alivyoviacha

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, na Mama Zuhura anakusalimu sana. Nisamehe kwa kimya cha tangu Mfungo Mosi, na unisamehe pia kwa kuzikata salamu mapema, kwani tangu Bakari aliponiambia kwamba umeacha kwa makusudi alopurinoli, vile vidonge vya jongo vinavyoshusha asidi ya yuriki kwenye damu, ili asidi hiyo ipande ikulindie akili, sijatulia.

Hofu yako naifahamu. Nilikuwapo kwenu siku marehemu mama yako alipoutafuta ufunguo wa kabati nyumba nzima, akamshuku kila mtu, kumbe ameufunga mwenyewe kwenye pindo la kanga yake. Najua tangu siku ile kila jina linapokuponyoka unajiona umeingia njia hiyo hiyo.

Wala mpwa wako, aliyekusomea habari za asidi hiyo, hakukudanganya. Asidi hiyo ikiwa ndani ya damu huzikinga seli zisiharibiwe, na utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kufuatilia wazee zaidi ya 4,000, uliona kwamba waliokuwa nayo kwa wingi walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kusahau. Lakini hakukusomea kwamba nafuu hiyo ilionekana pale tu watafiti walipokwisha kuondoa kwenye hesabu athari za presha na maradhi mengine ya moyo na mishipa. Nawe presha yako, ndugu yangu, hakuna wa kukuondolea kwenye hesabu. Huko Dijon, Ufaransa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikwenda kinyume kabisa: wenye asidi nyingi ndio waliokuwa hatarini zaidi, hasa kwa ule usahaulifu unaotokana na mishipa ya ubongo kuharibika.

Tena, hilo unalolijaribu peke yako chumbani kwako limekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, nchini Marekani. Watu 298 waligawanywa, wengine wakapewa inosini ili asidi ipande, nayo ikapanda kweli. Ugonjwa haukupunguza mwendo hata kidogo, na waliopandishiwa asidi wakaongezewa mawe ya figo. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kama akili ingelindwa kwa maini na dagaa, vyakula vinavyoipandisha asidi hiyo, Bakari wetu angekwisha kuwa profesa.

Narudi kwenye vidonge. Asidi ikipita miligramu 6.8 kwa desilita, huanza kuganda kama chembe za chumvi kwenye viungo, na wewe hujasahau jongo lilivyonifanya mwaka juzi, nilipolala mguu nje ya shuka kwa sababu hata uzito wa shuka juu ya kidole gumba ulinitoa machozi, na paka alipopita karibu nikamfukuza kwa matusi ambayo Mama Zuhura bado hajanisamehe. Mtu asiyelala usiku nne mfululizo hukumbuka nini asubuhi?

Hata hivyo usivirudie kwa uamuzi wako, kama ulivyoviacha. Nenda kwa daktari, umweleze yote bila kuona haya, pamoja na habari ya mama, na umchukulie kile kidonge cha presha kinachokukojoza akiangalie, maana baadhi ya vidonge vya namna hiyo hupandisha asidi hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimeanza kusahau nilikoweka miwani, nami naogopa kama wewe, ila sikuthubutu… basi, tuyaache hayo tutakapoonana.

Niambie: ni wiki ngapi sasa tangu uviache? Mara ya mwisho ulipimwa lini, na ilisoma ngapi? Presha je? Kidole kimeanza kufukuta nawe unatuficha? Na hayo majina yanayokuponyoka, hurudi baada ya muda, au hupotea moja kwa moja? Bi Mwanaidi anajua kwamba umeviacha, au naye umemficha?

Nduguyo,
Omari