Ruba hospitalini ana kazi yake mahususi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tiba ya ruba, kwa sababu kila inapotajwa wako wanaoibeza kuwa ni uganga uliopitwa na wakati, na wako wanaoinadi kuwa inaponya kila maradhi, kuanzia kisukari hadi ugumba. Wote wamepotoka, ila hawa wa pili wanahatarisha maisha ya watu.

Kidole kilichokatika kinapounganishwa upya, daktari wa upasuaji aghalabu hufanikiwa kuiunga ateri inayoleta damu, lakini vena za kuirudisha, ambazo kuta zake ni nyembamba mno, huwa taabu kuungika au huziba baadaye. Damu huingia isipate pa kutokea, kidole kikavimba na kugeuka zambarau, na kikiachwa hivyo hufa. Hapo ndipo ruba anapohitajika. Yeye mwenyewe hunyonya mililita 5 hadi 15 tu, kisha hujiachia. Msaada mkubwa zaidi huja akishaondoka, kwani mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda, hivyo jeraha huendelea kuvuja kwa saa nyingi na kukipa kidole nafuu hadi vena mpya ziote. Mwaka 1985, mjini Boston, daktari Joseph Upton aliokoa kwa njia hii sikio la mtoto, na mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha ruba wauzwe kama kifaa tiba.

Idhini hiyo haikufanya kila ruba wa bwawani kuwa dawa. Tumboni mwake huishi bakteria aina ya Aeromonas, ndiyo maana mgonjwa hupewa antibiotiki mapema, hupimwa wingi wa damu mara kwa mara, na pengine huongezewa. Ruba aliyekwisha kutumika huuawa, wala hahamishiwi kwa mgonjwa mwingine, jambo ambalo binafsi naona halina mjadala hata kidogo.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kabla ya kuchapisha tangazo lolote la tiba hii, limtake mtangazaji aeleze ruba wake wanatoka wapi, wanapelekwa wapi baada ya kutumika, na ni nani anayeangalia damu ya mgonjwa wakati jeraha bado linavuja.

Wako mtiifu,
Msomaji