Kaka, chaja ilikuwa inakula betri

Mambo kaka, za masiku? Najua utaanza na lawama kwamba nakukumbuka nikiwa na shida tu, lawama nimepokea, shemeji na watoto wasalimie sana, haya sasa nisikilize maana hii habari inanikera na kunichekesha kwa pamoja.

Ile Land Cruiser niliyofunga friji na hema la juu si unaijua. Betri ya pili ni AGM (ile ya risasi iliyozibwa, haiongezwi maji) ya ampea-saa 100, juu paneli ya sola ya wati 200, halafu nikaongeza chaja ya ampea 20 ili tukilala kempu yenye umeme kama kule Karatu nachomeka tu basi. Nikajua nimemaliza. Wiki jana nikapeleka wageni wawili Natron, jua la kule unalijua, mchana kontrola, kile kidude cha kuongoza chaji ya sola, inasoma volti 13 na ushee naona raha, asubuhi friji imezima na nyama inachuruzika maji. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikailaani ile betri, yaani nilishamwambia mshikaji wangu Mrefu aniulizie bei ya nyingine.

Usiku wa tatu nashuka hemani kwenda kujisaidia, nasikia feni inanguruma chini ya siti. Namulika tochi, chaja hiyo inawaka taa! Kaka, pale tulipolala hakuna hata nguzo ya umeme, sasa hii inakula wapi?

Nikaufuata waya. Fundi aliyeifunga kaichomeka kwenye soketi za inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani! Kwa hiyo nikiwasha inveta wageni wachaji kamera, betri inailisha inveta, inveta inailisha chaja, chaja inairudishia betri. Ili chaja itoe zile ampea 20, inveta inanyonya kama 30 kwenye betri, hizo 10 zinaishia kwenye joto na kelele za feni. Mchana sola ilikuwa inaziba pengo ndo maana sikushtuka, jua likizama kwisha habari, na AGM yenyewe ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Na huyo fundi nilimpa na hela ya soda juu, nikikumbuka...

Basi nimeitenga, chaja sasa ina waya wake wa nje, inveta haiijui. Jana nikajaribu umeme wa TANESCO na sola kwa mpigo, vinaelewana, ila chaja ikifikisha volti 14.4 kontrola inadhani betri imejaa, inashuka 13.6 na paneli inakaa bure. Mrefu anasema kuwasha vyote ni hatari, nichomoe kimoja. Mimi nakataa, kila kimoja kinasoma volti za betri, ikijaa vyote vinapoa. Kinachonitia wasiwasi ni ampea, 20 za chaja na 10 za sola ni 30, wakati ubavuni mwa betri wameandika isizidi 25. Na kumbe kontrola ilikuwa imesetiwa kwa betri ya jeli badala ya AGM muda wote huu, usicheke.

Sasa niambie, wewe kwako vyote viwili unaviacha vikiwaka? Chaja yako inapunguzika ampea au nitafute ya 10? Ile mita yako ya kubana waya kupima ampea bado ipo, au ndo ilienda na yule jamaa wa Moshono? Ukiwepo Jumamosi nije na gari? Na mguu wa mama unaendeleaje, ameanza kutembea?