Ghorofa ya kwanza ni ipi? Modeli ijibu kabla ya zege

Ndugu Mhariri,

Muulize fundi wa Kariakoo ghorofa ya kwanza ni ipi, atakuonyesha juu ya duka. Muulize msimamizi wa kampuni ya Kichina maana ya 1F kwenye mchoro wake, atakuonyesha duka lenyewe, maana kwao hesabu huanzia pale mtu anapoingilia. Wamarekani nao huhesabu hivyo hivyo. Kisha fungua ETABS, programu inayotumiwa na wahandisi wengi wa miundo: chini ya jina "Story1" utakuta slabu, yaani bamba la zege la sakafu, iliyo juu ya kichwa cha mwenye duka, pamoja na nguzo zinazoibeba. Jengo ni moja, majibu matatu.

Tunaandika kwa sababu mikataba ya usanifu siku hizi inadai "modeli ya 3D", yaani jengo lote likiwa limeundwa kwenye kompyuta, bila kusema modeli hiyo igawanywe vipi. Modeli isiyogawanywa ni gunia la vipande. Inapendeza kwenye kioo, lakini mkadiriaji majenzi akiuliza zege la ghorofa ya tatu ni mita ngapi za ujazo, hakuna wa kumjibu bila kuketi na kuhesabu kipande kwa kipande, yaani kurudia kazi ambayo modeli ilinunuliwa iifanye.

Mgawanyo unaohitajika ni kama ukoo. Juu kabisa kuna mradi, chini yake kiwanja, kisha jengo, kisha ghorofa, na ndani ya ghorofa vyumba. Nguzo, boriti, slabu na kuta ni watoto wa mojawapo ya hao. Hivi ndivyo faili la IFC linavyopangwa, lile la kubadilishana modeli kati ya programu tofauti, ambalo lina kiwango chake cha kimataifa, ISO 16739. Na lina sharti moja ambalo wengi hulipuuza: kila kipande kina mzazi mmoja tu. Ukuta wa lifti unaopanda kutoka msingi hadi paa hauwezi kuwa mtoto wa ghorofa sita. Unasajiliwa kwa moja, kisha zile nyingine zinautaja kuwa unapita kwao. Asiyelijua hili huukuta ukuta wote umehesabiwa chini, au humega ukuta ovyo ili kila ghorofa ipate kipande chake.

Hapo ndipo suala la nguzo linapoanza kuleta hasara.

ETABS huipa nguzo jina la ghorofa iliyo kwenye kichwa chake. Nguzo inayosimama sakafu ya chini na kubeba slabu ya kwanza itaitwa, tuseme, nguzo namba C7 ya Story1. Programu za kuchora, kama Revit, kwa kawaida huisajili nguzo kwa usawa wa sakafu inaposimama, kwa hiyo nguzo ileile ni ya sakafu ya chini. Zote mbili ziko sahihi kwa kazi zake: mchambuzi wa miundo anataka kujua nguvu zinazoingia kwenye slabu, mchoraji anataka kujua kitu kimesimama wapi. Kosa huja pale majedwali ya programu mbili yanapowekwa kwenye daftari moja.

Chukua jengo la ghorofa nne juu ya duka. Nguzo ni 24, upana milimita 400 kwa 400. Duka lina kimo cha mita 4.2, kila ghorofa ya juu mita 3.2. Nguzo za duka ni 0.16 × 4.2 × 24, yaani mita za ujazo 16.13. Nguzo za ghorofa ya kwanza ni 0.16 × 3.2 × 24, yaani 12.29. Mtunza stoo akisoma "Story1" akadhani ni ghorofa ya kwanza, ataagiza zaidi kwa mita za ujazo 3.84. Kwa mchanganyiko unaokula mifuko 7 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 27 ya ziada kwa nguzo peke yake. Kosa hilo huonekana haraka. La nondo ni baya zaidi, kwa kuwa nguzo za chini mara nyingi zina nondo nene kuliko za juu, na jedwali likisogea ghorofa moja, nguzo ya chini inaweza kufungwa kwa nondo za ile iliyo juu yake. Jumla ya jengo zima haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo anayekagua jumla peke yake hataona kitu.

Nguzo inayochorwa kipande kimoja kutoka msingi hadi paa ni tatizo la aina nyingine. Kwa chuma inaweza kuwa sawa, maana kiwandani nguzo ya chuma hukatwa kwa urefu wa ghorofa mbili au tatu na kuungwa juu kidogo ya sakafu. Basi modeli ifuate kipande kitakachopakiwa kwenye lori. Kwa zege hapana. Zege humwagwa ghorofa kwa ghorofa, na nguzo ikatwe kila slabu.

Tukija kwenye slabu na boriti, anayetumia Tekla Structures, programu ya kuunda modeli za miundo, ana zana iitwayo Organizer. Humo unajenga ule ukoo: kiwanja, jengo, sehemu, ghorofa, kisha kila kimoja unakipa mipaka kama sanduku, kutoka mstari huu wa gridi (mistari ya kupangia nguzo) hadi ule, kutoka usawa huu hadi ule. Kipande kinachoangukia ndani ya sanduku kinaingizwa chenyewe, na kisichoangukia popote kinabaki kwenye kundi la wasio na kwao. Ni zana nzuri, lakini inafuata namba ulizoandika, haijui ulichokusudia.

Tuseme sakafu iliyomalizika ya ghorofa ya kwanza iko 3.600, yaani mita 3.6 juu ya sakafu ya chini. Ukitoa milimita 50 za plasta ya sakafu na vigae, uso wa slabu uko 3.550. Boriti zenye kina cha milimita 600, slabu ikiwemo, zinashuka hadi 2.950. Mtu mwenye haraka ataandika sanduku la chini kuwa 0.000 hadi 3.600, na slabu yote ya kwanza pamoja na boriti zake itaingia sakafu ya chini. Kuna wanaotaka hivyo kwa makusudi, kwa sababu nguzo za chini na slabu iliyo juu yake ni mzunguko mmoja wa kumwaga zege. Sisi hatukubaliani nao. Mti wa maeneo ni wa wote: mbunifu majengo, fundi umeme, fundi bomba, na miaka kumi baadaye msimamizi wa jengo. Hao wote wanajua slabu kuwa ni ya ghorofa inayokanyagiwa. Awamu ya kumwaga ni ya mkandarasi, na inaweza kubadilika mvua ikinyesha. Iwekwe kama alama ya pembeni kwenye kila kipande, isiwe ndiyo ukoo.

Kwa utaratibu huo mpaka kati ya sakafu ya chini na ghorofa ya kwanza unawekwa chini kidogo ya tumbo la boriti, tuseme 2.900. Boriti za kawaida zote zinabaki juu ya mpaka, na sehemu kubwa ya kila nguzo ya chini iko chini yake. Boriti nene inayobeba nguzo zisizofika chini, ya kina cha milimita 1,200, itashuka hadi 2.350 na kuvuka mpaka. Ngazi huvuka kila mara. Vipande kama hivyo vihakikiwe kimoja kimoja na kuhamishwa kwa mkono, na baada ya kila mabadiliko makubwa ya modeli Organizer isawazishwe upya, la sivyo unasoma orodha ya juzi.

Jambo lililo hatari kuliko yote tuliyotaja ni ghorofa za uongo. Usawa wa mchoro si lazima uwe ghorofa. Mbunifu ana usawa wa vigae, usawa wa slabu, usawa wa juu ya milango, usawa wa dari. Revit ina kiboksi cha kuonyesha upi kati ya hizo ni ghorofa kweli, na kikiachwa kimewekewa tiki kote, mhandisi anayepokea faili anakuta jengo la ghorofa tano limekuwa na ghorofa kumi na kitu. Usawa wa slabu na wa vigae ukiingizwa wote kwenye programu ya uchambuzi unapata "ghorofa" yenye kimo cha milimita 50, na nguzo fupi za milimita 50, ngumu kupita kiasi, ambazo zinaharibu hesabu au kutoa maonyo yasiyoeleweka.

Mezanini, yaani sakafu ndogo ya kati ndani ya ukumbi, inadanganya kwa upole zaidi. Ukumbi wa chini wenye kimo cha mita 4.8, na mezanini inayochukua robo ya eneo: ukiitangaza kuwa ghorofa kamili, ukumbi umegawanywa vipande viwili vya mita 2.4. Jengo likisukumwa pembeni, kila kipande kinapata takriban nusu ya mwegamo wa ukumbi wote, na kwenye jedwali ugumu wa kila kimoja unaonekana kama maradufu. Kanuni ya Marekani, ASCE 7, huiita laini ghorofa ambayo ugumu wake ni chini ya asilimia 70 ya ile iliyo juu yake. Ghorofa ya chini iliyo laini kweli inapita mtihani kwa sababu ya namna ilivyosajiliwa. Watu wa Kagera, waliotikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, hawahitaji kuelezwa kwa nini hilo si jambo la makaratasi.

Hata pasipo tetemeko, uzito wa watu na samani kwenye nguzo huruhusiwa kupunguzwa kadiri ghorofa zinazobebwa zinavyoongezeka. Katika kanuni ya Uingereza BS 6399-1, iliyoondolewa rasmi huko mwaka 2010, sakafu tatu ziliruhusu punguzo la asilimia 20, nne asilimia 30. Programu inayojihesabia idadi ya sakafu ikikutana na ghorofa ya uongo, inampa mhandisi punguzo asilostahili. Kosa hilo liko upande wa hatari.

ETABS ina jambo lake jingine: hali ya ghorofa zinazofanana, ambapo unachochora kwenye moja kinajichora kwenye wenzake. Inaokoa siku nzima ya kazi. Ikisahaulika imewashwa, boriti moja iliyofutwa ghorofa ya tatu imefutwa kote.

Sifuri nayo ikubaliwe mapema. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpima ardhi akiandika usawa wake kamili na mhandisi akaanzia 0.000, modeli mbili za jengo moja zitapishana angani kwa kilomita na nusu na zaidi. Sakafu ya chini iliyomalizika iwe 0.000 kwa wote, na kimo halisi cha kutoka baharini kiandikwe mara moja tu, kwenye kiwanja.

Majina yawe ya tarakimu mbili, 00, 01, 02 hadi 10, kwa sababu kompyuta ikipanga maandishi huweka 10 kabla ya 2. Jina la Kiswahili lifuate pembeni.

Jengo refu au pana linahitaji pia sehemu ndani ya ghorofa. Slabu ya milimita 200 yenye eneo la mita za mraba 900 ni mita za ujazo 180, na wachache watamwaga hiyo kwa siku moja. Itagawanywa, lakini mpaka wa mgawanyo usiwekwe kwenye mstari wa gridi kwa kuwa ni rahisi kubonyeza hapo. Kiungo cha zege, pale zege la leo linapokutana na la kesho, huwekwa theluthi ya kati ya nafasi baina ya nguzo, ambako nguvu ya kukata ni ndogo: kwa gridi za mita 6, kati ya mita 2 na 4 kutoka kwenye nguzo. Sanduku la modeli lifuate hapo, la sivyo kiasi kitakachoagizwa hakitalingana na mbao zilizofungwa.

Ukaguzi wa haya yote hauchukui hata saa moja. Kila ghorofa ipakwe rangi yake na modeli itazamwe kwa ubavu. Kipande cha kijani katikati ya wekundu kinajionyesha. Kundi la wasio na kwao liwe tupu. Zege la kila ghorofa lijumlishwe na lilingane na la jengo zima, kisha ghorofa moja ihesabiwe kwa mkono kutoka kwenye michoro. Nguzo zilizomo kwenye modeli ya mbunifu na pia ya mhandisi zihesabiwe upande mmoja tu, na ule upande uandikwe. Anayehamisha kipande akihamishe, asikifute na kukichora upya, kwa sababu kila kipande kina namba yake ya utambulisho, na namba ikipotea, maoni yote yaliyobandikwa juu yake yanapotea nayo.

Ombi letu kwa wenye majengo, ziwe halmashauri, kamati za shule au watu binafsi, ni ukurasa mmoja uambatanishwe na mkataba kabla nguzo ya kwanza haijachorwa. Uwe na jedwali la ghorofa: namba, jina, usawa wa vigae, usawa wa slabu, kimo, na safu ya mwisho ikisema ndiyo au hapana, je, hii ni ghorofa au ni mstari tu wa kuchorea. Chini yake sentensi mbili: nguzo ni ya sakafu inaposimama, slabu na boriti ni za sakafu inayokanyagiwa. Mbunifu, mhandisi, mkadiriaji na mkandarasi watie saini, na mkandarasi akitumia 1F kwa maana ya kwao, aandike pembeni ni namba ipi ya jedwali letu.

Wasomaji wako,
Wahandisi wa miundo, Dar es Salaam