Shukrani kwa kaka wa kwenye kivuko cha Kamanga

Kaka yangu, jina sikukuuliza, na tulipofika ng'ambo ulishuka haraka kabla sijasema asante. Mimi ndiye yule kijana wa kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, niliyekuwa nahangaika na rauta ya Cisco (kifaa cha kuunganisha mitandao), ya kuigiza tu ndani ya programu ya kompyuta. Anwani ya mtandao nimeipa, 192.168.10.1, na bado mlango wake wa kuchomekea kebo unagoma. Ulichungulia, ukacheka kidogo (angekuwa mwingine ningenuna), ukasema, "Mdogo wangu, hujaufungua. Milango ya rauta hizi huja imefungwa." Nikaandika amri ya no shutdown, yaani "usizime", mlango ukaamka palepale. Wiki mbili nzima nalaumu kebo, na kebo yenyewe ya kuchora!

Ukaniuliza kama nimehifadhi. Sikujua kwamba ninachoandika hukaa kwenye running-config, kumbukumbu ya muda tu, na rauta ikizimwa chote hupotea usipokinakili kwenye startup-config, faili ambalo rauta husoma ikiwashwa. Kwa umeme wa mtaani kwetu, ningelia.

Sasa amri ya copy running-config startup-config naiandika hata usingizini. Tukikutana tena Kamanga, sato wa kuchoma gharama yangu. Asante sana, kaka.