Unyonge una rangi gani?

Mhariri,

Miaka 22 nauza kanga hapa Ngamiani, Tanga, na wateja huniletea tabia za watu wakitaka niwatafutie rangi. Wa harusi ni rahisi: anataka kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, tumemaliza.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kumnunulia nduguye aliyetoka kulazwa. "Iwe ya kinyonge, mama, mwenyewe sasa hivi hata upepo unamwangusha." Nikamtandazia nyeupe. Akaruka: sanda hiyo! Nikatoa ya waridi iliyofifia, akasema ya mtoto mchanga.

Mimi unyonge nauona kwenye bawa la kumbikumbi. Mvua ikishanyesha, asubuhi nayafagia barazani tele. Si meupe, si ya kahawia. Ukiliinua juani linameta kidogo, ukilibana kwa vidole viwili huna kitu. Duka zima sina kanga ya rangi hiyo.

Lugha yetu nayo haisaidii. Mwema ana moyo mweupe, na asiyejua kitu ni mweupe kichwani; weupe ule ule! Mbaya ana roho nyeusi, neno ambalo silipendi hata kidogo, maana buibui langu jeusi limenisitiri katika misiba na furaha zangu zote.

Dada mwishowe alichukua kijani ya jani changa la mgomba, lile linalochanika likipulizwa tu. Alilipa nusu. Nusu nyingine mwisho wa mwezi, inshallah.

Muuza kanga,
Ngamiani, Tanga